Chakula cha Sajenti

Shangazi yangu ana tabia moja: habari mbaya huileta akitabasamu, na habari nzuri huileta amenuna. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia jikoni kwetu meno yote nje, nikajua leo nimekwisha.

"Bibi harusi wetu huyo!" akasema, akajitupa kwenye kiti. "Jumapili tuna wageni. Watu wa Koplo wanakuja."

Nilikuwa nafunga kifuniko cha kontena la chakula cha Baba. Mkono ukasita hapo hapo.

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kunywa maji." Shangazi akacheka peke yake. "We mtoto! Watu wa kijana wanakuja kwa watu wa binti, unauliza wanakuja kufanya nini? Koplo kamweleza baba yako kule kule wanakosimama kulinda njia panda, na baba yako kaitikia."

"Kaitikia vipi?"

"Kwenye simu. Nimemuuliza, 'Kaka, nisafishe sebule?' Kasema, 'Safisha.'"

"Shangazi, huko si kuitikia. Baba siku hizi ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa, ilimradi alale."

Mama alikuwa anaosha vikombe, katupa mgongo. Nikamuuliza kama alijua. Hakugeuka.

"Nimejua jana," akasema. "Koplo ni kijana mwema, mwanangu. Ana adabu, na maisha yetu anayajua. Ukiolewa na mtu wa nje, siku kama hizi, utalia upande gani?"

Swali lile lilinichoma kwa sababu Mama hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma kweli.

"Nitalia upande ninaoupenda," nikamjibu.

"Msikie mdomo huo!" Shangazi akapiga kofi. "Ndiyo maana wanakuita Sindano."

"Wananiita Sindano kwa sababu mimi ni fundi cherehani."

"Eti cherehani! Haya, Jumapili uwashonee wageni maneno hayo hayo, tuone."

Tunaishi kota za polisi. Nyumba zetu zimebanana mstari mmoja, ukikohoa wewe jirani anakupa pole. Kibanda changu cha kushonea kiko nje ya geti, na zamani wateja walikuwa wanapanga foleni. Halafu waandamanaji wakaanza kujaa njia panda, kila siku wengi kuliko jana, na polisi wote wa kota wakapelekwa kusimama mbele yao. Mambo ya wakubwa siyawezi na wala sitayasema hapa. Ninachojua ni kwamba sokoni mimi na hao waandamanaji tulikuwa tunazililia bei zile zile. Lakini wateja wa mjini wakaacha kuja kwangu. Binti wa polisi, wakasema. Na huku kota, wake za polisi wakinipita wanaminya midomo. Kuna mtu alikuwa ameniona nikicheka na mwandamanaji.

Kuniona aliniona kweli. Na si kucheka tu.

Watu wote wanamwita Spika, kwa sababu ndiyo kazi yake: anafunga spika kwenye sherehe, kwenye mikutano, kwenye misiba. Alikuja kibandani kwangu na kitambaa cha spika kilichochanika, akaniuliza kama naweza kukishona sauti isikwame. Nikamwambia mimi nashona nguo, sauti atajua mwenyewe. Akacheka, akakaa, akasahau kuondoka. Kitambaa nilikimaliza mapema sana. Yeye aliendelea kuja "kukiangalia" mpaka tukaacha kujidanganya. Na sasa waandamanaji walikuwa wamempa vyombo vyao vyote vya sauti avisimamie. Kila neno lililosemwa pale njia panda lilipita kwenye mikono yake.

Baba hakujua. Si kwamba nilimficha kwa hila. Baba alikuwa anarudi jioni, anavua viatu, anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, na kabla maji hayajapoa amesinzia pale pale kwenye kiti. Kila nilipopiga moyo konde nikasogeza kigoda karibu, nikakuta kichwa kimeshaangukia kifuani. Ningemwamsha mtu yule nimwambie nini? Nikaishia kumfuta miguu na kumpeleka kulala.

Lakini Jumapili haisubiri mtu aamke.

"Mama," nikasema, nikachukua kontena, "leo chakula cha Baba nakipeleka mimi."

Ndipo Mama akageuka. Akachukua kijiko kwenye kabati, akakifuta, akanipa.

"Usisahau kijiko," akasema. Ndivyo Mama anavyombariki mtu.

*

Kulikuwa na jambo moja pale njia panda ambalo hakuna aliyelipanga. Siku za mwanzo polisi walikuwa wanashinda njaa, maana chakula cha kituoni hakikuwafikia. Basi siku moja mke wa polisi mmoja, mama mtu mzima, akabeba kontena lake kichwani, akapita katikati ya waandamanaji bila kumwomba mtu njia. Wakampisha. Kesho yake wakaja wake wengine na mabinti. Ikawa ndiyo kawaida: jua likifika utosini, makontena yakianza kuonekana, waandamanaji wanakaa chini, spika zinanyamaza, polisi wanavua kofia ngumu. Mwenye kontena hazomewi, hapekuliwi, haulizwi. Wakaiita saa ya makontena. Siku nzima ya kukodoleana macho, na hiyo ndiyo saa pekee ambayo watu walipumua.

Niliingia nikiwa nyuma ya wenzangu wa kota. Barabara ilikuwa imejaa watu wamekaa, maduka ya pande zote yameteremsha milango ya chuma. Mbele kabisa vizuizi, na nyuma ya vizuizi mstari wa polisi.

"Wapisheni mama zetu!" mtu akapaza sauti.

"Na dada je?" nikamuuliza.

"Dada apite mara mbili!"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikachepuka kushoto, nyuma ya kigari cha mizigo kilichobeba vyombo vya sauti, ambako jenereta lilikuwa linaunguruma. Spika alikuwa amechuchumaa anakunja waya kiwikoni. Akainua macho, na yale macho yakafanya kile yanachofanya siku zote, yakaniangalia kana kwamba pale barabarani hakukuwa na mtu mwingine. Nikajikaza kisabuni.

"Sindano," akasema.

"Usiniite Sindano leo. Jumapili naposwa."

Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, kicheko kikamfia mdomoni. Waya ukamtoka mkononi.

"Na nani?"

"Na Koplo. Yule mrefu anayesimama karibu na baba yangu."

"Yule mzuri vile?"

"Spika!"

"Nasema ukweli tu. Hata mimi ningekuwa shangazi yako ningemchagua."

"Basi kaolewe wewe." Jenereta lilikuwa linapiga kelele, ikabidi nipaze sauti. "Mimi sikuja kusikia uzuri wa Koplo. Nimekuja kusikia wewe unafanya nini."

Akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Nilipanga haya mambo yakiisha—"

"Yakiisha lini?"

"Sasa unataka niende vipi? Mchana nasimama mbele yake na maspika, jioni nikamwombe binti yake?"

"Unamwogopa baba yangu."

"Simwogopi. Namwonea haya." Akasogea karibu zaidi. "Unajua watu wakianza kuwatukana polisi, matusi ya nguoni, mimi huwa nafanyaje? Nashusha sauti. Kila siku. Wenzangu wananiuliza kuna nini, nawaambia waya una tatizo. Nimebadilisha waya huo mara ngapi sijui, na waya hauna kitu. Ni kwamba yule mzee yuko pale mbele anasikia, na mimi siwezi kuwa mtu aliyemfikishia."

"Umemjuaje? Wote wanakuwa wamevaa kofia, wameshika ngao."

"Kwa bega," akasema. "Shati lake limeshonwa begani mshono wa kurudia, nyuzi mbili, vile unavyoshona wewe. Kila asubuhi wakijipanga natafuta lile bega. Nikiliona nasema, haya, baba yake Sindano kaamka salama. Basi na yeye kaamka salama."

Jamani. Hasira yangu yote niliyoibeba kutoka nyumbani ikapungua. Ikapungua kidogo, si yote.

"Na mimi nikwambie kuhusu huyo mwenye bega," nikasema. "Huyo unayemwonea haya anaogopa mende. Mende mmoja akikatiza sebuleni, Sajenti mzima anapanda juu ya kochi anamwita Mama. Na akirudi jioni, neno lake la kwanza si chakula kiko wapi. Anasema, 'Leo hakuna mtoto wa mtu aliyeumia upande wangu.' Kila siku anasema hivyo, anavua kiatu. Siku atakaposhindwa kusema hivyo, sijui kama ataweza kuvua hicho kiatu. Ndiye baba yangu huyo. Si ukuta. Mtu wa hivyo unashindwaje kumsogelea ukamwambia jambo la heri?"

"Mwambie wewe basi, uniandalie njia."

"Mimi? Kwani mimi ndiye ninayeoa?"

"Sindano..."

"Unanipenda hunipendi?"

"Nakupenda."

"Sijasikia. Jenereta linapiga kelele."

"Nakupenda!"

"Ongea kama fundi spika!"

"NAKUPENDA!" akapiga ukelele, mishipa ya shingo imemtoka, na uso wake umeng'aa kama mtu aliyetua mzigo.

Na mimi, kwa furaha, domo likakosa breki. "Basi huyo Koplo wa Shangazi akatafute mwingine," nikasema kwa sauti yangu yote, "mimi wangu nimeshampata!"

Hapo jenereta likakohoa, likakohoa tena, likaisha mafuta. Kimya kikashuka. Na katika kimya kile nikarudia, "Wangu nimeshampata!", na kutoka mbele kabisa ya barabara, kule kwenye vizuizi, sauti yangu ikasema hayo hayo pamoja nami.

Spika akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Taratibu akainamisha kidevu kutazama kola yake. Pale kwenye kola palibanwa maiki ndogo, ile anayojaribia sauti, na taa yake ya kijani inawaka.

Waulize watu wote anaowafundisha kazi: ukishuka jukwaani, zima maiki kwanza, ndipo upumue. Anawaambia hivyo mpaka wanamwigiza. Saa ya makontena huwa anazima maiki za watu wote moja moja. Yake huwa anaiacha, kwa sababu ni yeye tu anayeongea humo, na saa hiyo huwa hana wa kuongea naye. Na spika za mbele zina betri zake. Hazikuhitaji jenereta.

"Toka lini?" nikanong'ona. Mnong'ono wangu nao ukaenda mpaka kwenye vizuizi.

Weee! Barabara nzima ikalipuka. Walicheka huku, wakacheka kule, miluzi ikapigwa, mabuti yakagongwa chini. Nilisikia mtu wa upande wa polisi, wa polisi kabisa, akisema, "Sajenti, mende!" na wenzake wakiangua kicheko kipya.

Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nilipokumbuka lile jingine nililolisema, ndipo kicheko kikakatika. Leo hakuna mtoto wa mtu aliyeumia upande wangu. Maneno yale Baba aliyasema nyumbani kwake, miguu ikiwa kwenye beseni. Na mimi nimeyatangaza mbele ya mkuu wake wa kikosi na mji mzima. Askari aliyepewa mstari aulinde, binti yake anasimama kusema moyo wa baba uko wapi! Nikaona kazi yake yote ile, mvi zote zile, zinaondoka kwa ajili ya mdomo wangu.

Kwa Spika nako mambo hayakuwa mazuri. Vijana wenzake walikuwa wameshatuzunguka, na mmoja, mwenye fulana nyeusi, alikuwa amekunja mikono.

"Kumbe waya una tatizo," akasema.

Spika akapeleka mkono kwenye kola. Nikaukamata.

"Usizime."

"Umechanganyikiwa?"

"Usizime, nakwambia. Sasa hivi tunakwenda pale mbele. Ukizima, ukaenda kunong'ona na Sajenti, hawa watasema umenunuliwa, na wakubwa wake watasema amejiuza. Wameshasikia nusu. Wasikie na iliyobaki."

Yule wa fulana nyeusi akanitazama, akaangalia watu, akakunjua mikono.

"Huyu dada," akasema, "tumpe yeye jukwaa."

"Hakuna mwandamanaji aliyevuka pale," Spika akaniambia. "Ni wenye makontena tu wanaopita."

Nikamwekea kontena la Baba mikononi.

"Haya. Beba."

*

Kutoka kile kigari mpaka kwenye vizuizi si mbali, lakini siku ile barabara ilirefuka. Waliokaa walipisha njia. Nilitembea mbele, shingo juu, kijiko mkononi, moyo unadunda mpaka nikaogopa maiki itaudaka. Nyuma yangu nilisikia hatua zake. Hakuzikokota, na hilo lilinipa nguvu. Kadiri tulivyosogea, kicheko kilipungua upande wa kwetu na upande wa kwao, mpaka tulipofika kwenye chuma cha kizuizi hakukuwa na sauti ya mtu.

Baba alikuwa amesimama amevua kofia. Jasho limemchora mstari kwenye paji la uso. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia aliyebeba kontena lake.

"Shikamoo, Mzee," Spika akasema. Na spika za mbele, zilizokuwa pale pale juu ya vichwa vyetu, zikarudia shikamoo ile kwa watu wote.

Nafikiri hakuna mwandamanaji aliyewahi kumsalimia Baba pale tangu aanze kusimama.

"Marahaba," Baba akasema. "Wewe ndiye mwenye vyombo."

"Ndiye mimi."

"Hicho ulichobeba ni cha nani?"

"Ni chakula chako, Mzee."

"Nani kakutuma?"

"Binti yako. Lakini hata asingenituma ningekuja. Nilichelewa tu."

Baba ndipo akanigeukia, na lile jicho lake ndilo lililonimaliza. Hakukuwa na hasira humo, angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia. Alikuwa ameumia.

"Mambo ya nyumba yangu," akasema, "nayasikia kwenye spika. Kwa nini hukuniambia, mama?"

Baba huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Ulikuwa unalala umekaa, Baba. Kila nikija unalala umekaa. Nikaona haya kukuamsha. Nisamehe. Na lile jingine, lile la... nisamehe sana."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayesema hilo liache. Akamrudia Spika.

"Kijana, mimi sina shida na kazi yako wala sura yako. Nina swali moja. Siku nikiamrishwa nisonge mbele, nitasonga vipi nikijua mume wa binti yangu yuko pale?"

Hilo ndilo lilikuwa lenyewe. Shangazi na Mama na kota nzima walikuwa wanalizunguka. Baba akaliweka chini kwa maneno machache. Nilimtazama Spika, na nikajua kwamba akijibu vibaya, mapenzi yetu yanakufa pale pale mbele ya watu, na mimi sitaweza kumlaumu baba yangu.

Spika akalishika kontena vizuri.

"Mzee, mimi kila asubuhi natafuta bega lako ili nijue umesimama wapi," akasema. "Nataka na wewe ujue mimi nimesimama wapi. Niko pale, kwenye kile kigari. Sina jiwe wala sitashika jiwe. Sitakimbia, na sitakuja upande wako kwa sababu ya binti. Kwa hiyo siku ukiamrishwa, utajua uliyemkuta ni nani. Sitaki unikute bila kunijua."

Baba akainua macho kutazama kile kigari.

Ndipo mkuu wa kikosi akaja. Mwanaume mpana, mwenye fimbo fupi kwapani, ambaye kota nzima tunamwogopa hata akiwa amevaa kandambili. Polisi wakamwachia njia. Akasimama kati ya Baba na Spika, akanyoosha mkono mkubwa, na nikadhani anamkamata. Akaifunika ile maiki kwa kiganja chake.

"Binti yangu wa mwisho yuko kule," akasema kwa sauti ya chini, akionyesha umati kwa kidevu. "Wiki nzima. Mimi sijui hata amesimama wapi." Akamtazama Baba. "Sajenti, hii ni saa ya chakula. Kula."

Akaondoa kiganja, akaenda zake, akawageuzia wote mgongo kama mtu anayekagua mawingu. Watu walikuwa wanaulizana amesema nini. Sisi wachache tuliosikia hatukumwangalia usoni.

Baba akapumua. Akamgeukia Koplo, aliyekuwa amesimama pembeni yake muda wote huo, ameshika ngao kama mlango.

"Na wewe una neno?"

Koplo akakohoa. Masikini, masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mimi, Sajenti, nitawaambia watu wangu wabaki nyumbani," akasema. "Nimesikia kama walivyosikia wote." Kisha akanigeukia. "Ila, dada yangu, ungeniambia tu kwa sauti ya chini."

Barabara ikaangua kicheko tena, na safari hii mwenyewe akacheka, na nikampenda pale, kama kaka.

"Samahani, kaka," nikamwambia. "Kweli tena. Samahani."

"Basi," Baba akasema, na watu wakanyamaza. "Dada yangu anasafisha sebule kwa ajili ya Jumapili. Najua hatamwachia mtu nafasi ya kulala kwa kufagia. Sebule haiwezi kukaa bure." Akamnyooshea Spika kidole. "Una wazee?"

"Ninao."

"Waje Jumapili. Wapite geti kubwa, wasijifiche. Getini nitasimama mwenyewe. Yatakayosemwa yatasemwa mle ndani, kwa adabu. Wala sijasema nimekubali."

"Sawa, Mzee. Na kama haya mambo yatakuwa hayajaisha?"

Baba akatazama barabara yote ile, watu wote wale waliokaa chini juani.

"Jumatatu utarudi kwenye spika zako, na mimi nitarudi kwenye mstari wangu," akasema. "Nitakuwa nimeshakujua."

"Ndiyo, Baba," Spika akasema.

Neno lilimtoka bila kupanga. Nilimwona akishtuka, nikamwona Baba akilisikia. Baba akaegesha ngao kwenye kizuizi, akafuta mikono kwenye suruali vile vile alivyofuta Spika kabla ya kunijibu, akanyoosha mikono miwili kupokea kontena lake.

"Sasa zima hiyo maiki," akasema, "mwanangu."

Spika akaizima. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Lilipita juu ya vichwa vya polisi na vya waandamanaji, likaenda mpaka mwisho wa barabara, na kule mwisho kuna mwanamke alipiga kigelegele.

Mimi nikamfungulia Baba kifuniko, nikampa kijiko. Chakula kilikuwa bado cha moto.